Pengo Lisilozibika

Ndugu msomaji, katika kila msiba wa nchi hii lazima asimame mtu mmoja, akohoe kidogo, kisha aseme kwamba marehemu "ameacha pengo lisilozibika". Maneno hayo tumeyasikia mpaka yamechuja kama kitenge kilichofuliwa mara mia. Kijiweni kwetu tulikuwa tukiyafanyia utani. Leo mwenzenu siyacheki tena. Nimeshuhudia kwa macho yangu pengo la marehemu likizibwa, na aliyelipia kazi hiyo, shilingi 15,000 taslimu, nilikuwa mimi.

Nianze na yale yanayojulikana na wote. Alfajiri ya Jumatatu, Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kuja bara ilikuwa ikipanda mlima katika kipande cha reli kati ya Msagali na Igandu, huku kwetu mkoani Dodoma. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,200. Treni ikashindwa kupanda, breki nazo hazikushika, ikaanza kurudi kinyumenyume. Kadiri ilivyoteremka ndivyo kasi ilivyozidi, hadi ikaivaa treni ya mizigo iliyokuwa kwenye reli ile ile. Watu 281 walikufa. Hiyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote katika historia ya reli ya Tanzania, nayo imo katika orodha ya ajali mbaya kabisa za treni barani Afrika.

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao 281. Mimi nilikuwa na umri wa miezi minane, kwa hiyo simkumbuki. Kila nilichonacho juu yake nimekiazima kwa watu. Mwili wake haukutambuliwa. Marehemu waliokosa wa kuwatambua walizikwa pamoja katika makaburi ya Maili Mbili, hapa mjini. Bibi mzaa baba anasema siku zile watu walitambuana kwa shati, kwa kiatu, kwa kovu. Yeye aliyakagua mashati yote, na hadi leo akiona shati la mistari ya buluu hugeuza uso. Elimu ya vinasaba ilikuwapo duniani, lakini kwa mtu wa kijijini ilikuwa kama habari za mwezini. Sheria yetu ya kudhibiti vinasaba vya binadamu ilitungwa mwaka 2009. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ndugu walichukuliwa sampuli ili watu wao walioungua wajulikane. Sisi, miaka 17 kabla ya hapo, tulibaki na picha moja tu ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, ya studio. Baba ameufumba mdomo kama mtu anayesubiri kuulizwa swali.

Pamoja na picha hiyo tulikuwa na kitu kingine, nacho ni ubishi. Kila ifikapo Juni, ndugu wakikutana, habari za safari ile ya baba huanza upya, na kila mtu ana zake. Bibi husema mwanawe alikuwa anarudi na mabati kumi ya kuezekea nyumba yake yeye mama mtu. Baba mdogo husema hapana, mabati yalikwishaletwa. Kaka yake alikawia Kariakoo kwa sababu ya deni, vinginevyo angepanda treni iliyotangulia. Mama husikiliza, kisha husema neno lake moja, lile lile miaka yote: "Siku anaondoka kwenda Dar tulikuwa tumelala, mimi na mtoto. Hakutuaga." Akishasema hivyo huinuka akaenda kuchochea moto, hata kama moto unawaka vizuri.

Nilidhani ubishi huo ni wa ukoo wetu tu. Nilipomaliza kidato cha nne, nikaanza kusoma historia ya Ugogo kwa ajili ya riwaya ninayotaka kuiandika, nikakuta kwamba nchi hii yote imezoea kuwakumbuka wafu wake kwa namna hiyo.

Chukua jina lenyewe la mji. Wazee husema Dodoma linatokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama. Nani alizama? Wako wanaosema ni tembo, alikwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope. Wako wanaosema hakuna tembo wala nini: Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala, wakaibakiza mikia peke yake. Wenye mali walipokuja kufuatilia, wakakuta mikia imechomekwa kwenye tope, wakaambiwa, "Jamani, ng'ombe wenu wamezama, tazameni mikia hiyo!" Visa viwili, jina moja, na hadi sasa hakuna aliyekifukuza kingine. Kisa hicho cha pili nakuomba ukiweke akilini. Tutakihitaji mbele.

Au chukua Mtunya. Hilo ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita juu ya nchi hii kama kwato. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza wakaiteka Dodoma Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakatika, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wamekonda. Inakadiriwa kuwa Ugogo ilipoteza watu wapatao 30,000, yaani kama mtu mmoja katika kila watano. Huko nako hapakuwa na picha za marehemu wala orodha ya majina. Palikuwa na midomo.

Katika ukoo wa bibi kuna binti ambaye mwaka wa Mtunya aliingia katika nyumba ya watu wengine, na mtama ukaja upande huu. Shangazi mmoja husema binti yule "alipelekwa". Mwingine husema "aliolewa". Mzee mmoja, akishakunywa, husema "aliuzwa". Nilipokuwa mdogo niliudhika, nikataka kujua lipi ndilo la kweli. Sasa naona kwamba ukiyaondoa mawili ukabakiza moja, lolote lile, umempoteza binti. "Alipelekwa" ni aibu ya wazazi wake. "Aliolewa" ni maisha aliyoishi huko baadaye. "Aliuzwa" ni njaa yenyewe. Ukweli wake umekaa katikati ya maneno hayo matatu, na unakaa hapo kwa sababu hakuna aliyekubali kunyamaza.

Najua kuna msomaji atakayeniambia, "Mshkaji, unataka turudi enzi za kusimuliana gizani?" La hasha! Mimi si adui wa mashine. Mathias Mnyampala, yule malenga wetu aliyeongoza UKUTA, alizaliwa mwaka 1917 kule Ihumwa, katika ule ule mwaka wa Mtunya, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Kitabu ni chombo. Kilichukua maneno ya wazee kikayaweka mahali ambapo hayafi na mwenyewe. Lakini hakikumzuia mtu yeyote kusema, "Hapo Mnyampala amekosea, kwetu haikuwa hivyo." Hukwe Zawose naye, fundi wa zeze na ilimba aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, alifariki mwaka 2003, mwaka mmoja na ushei baada ya ajali yetu. Sauti yake ipo katika rekodi, nyingine zilizofanywa na Real World kule Uingereza. Ukiisikiliza leo, ni sauti aliyoitoa yeye, siku ile, kwa pumzi yake mwenyewe. Rekodi haikumwongezea hata ubeti mmoja. Wajukuu na mabinti wa ukoo wake wanapoimba sasa wanaimba kwa midomo yao, wala hawajifanyi kuwa yeye.

Kwa hiyo chombo kutunza si shida. Mimi nilikwenda kutafuta chombo cha aina nyingine.

Ilikuwa Juni 2024. Miaka 22 ilikuwa inatimia, na mama alikuwa amepungua. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amepungua tu, kama taa inayokaribia kuishiwa mafuta. Kijana mmoja mwenye kibanda cha steshenari huku mjini alikuwa akisifika kwa kutumia akili mnemba kuzifanya picha za zamani zitikisike, zitabasamu, hata ziseme. Teknolojia hiyo si ngeni. Tangu Februari 2021 kampuni ya MyHeritage ilikwishawapa watu duniani njia ya kuzitikisa picha za babu zao, na watu wakalia mbele ya simu zao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 2020, televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilionyesha mama mmoja aliyevalishwa miwani maalumu akakutana na binti yake aliyekufa akiwa na umri wa miaka 7. Alimwona, akanyoosha mkono kumshika, mkono ukashika hewa.

Nilimpa kijana yule picha ya baba. Akaiskani, akaitia rangi, kisha akaniuliza, "Aseme nini?"

Swali hilo, ndugu mwandishi mwenzangu, ndilo lililoniponza. Mimi najiona mtunzi. Nina madaftari manne ya hadithi ambazo hazijachapishwa popote. Mtu akiniuliza mhusika aseme nini, siwezi kusema sijui. Nikachukua kalamu nikaandika papo hapo: "Msilie, mimi nipo. Mtunze mtoto." Kijana akachagua sauti katika orodha. Baada ya nusu saa baba yangu akafumbua mdomo.

Jioni ile tuliiangalia klipu wote, kwenye simu yangu janja, tumebanana kwenye mkeka. Baba anageuza shingo kidogo, anatabasamu, anasema maneno yangu. Baba mdogo alitoka nje. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Huyu si yeye. Yeye alikuwa akiongea Kiswahili cha hapa hapa kwetu. Huyu anaongea kama mtangazaji wa redio." Bibi aliomba tumwekee tena, akaisogeza simu karibu na jicho lake linaloona, akasema, "Na meno je? Mwanangu alikuwa na pengo hapa mbele. Punda alimpiga teke akiwa mchunga. Nani kamwekea jino?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, mashine haijui habari za punda. Katika picha mdomo umefumbwa, kwa hiyo imekisia." Bibi hakucheka. Akasema, "Basi imtoe jino langu."

Mama aliniomba nimtumie klipu ile. Nikamtumia. Na hapa lazima niseme haki: ilimsaidia. Alianza kulala usiku. Alianza kuimba akiosha vyombo. Kila asubuhi aliifungua, akaisikiliza mara moja au mbili, kisha akaenda kwenye biashara yake ya karanga akiwa mchangamfu. Nikajipongeza. Nilijiona nimefanya jambo ambalo madaftari yangu manne hayajawahi kulifanya.

Mwaka ukapita. Juni 2025 jirani mmoja alifiwa na mumewe, mama akaenda kumfariji, nami nikamsindikiza nikiwa nimebeba chupa ya chai. Wakiwa wamekaa kwenye jamvi nikamsikia mama akimwambia mwenzake, "Wangu mimi, siku anaondoka alinishika hapa begani. Akaniambia, 'Msilie, mimi nipo. Mtunze mtoto.' Ndiyo maneno yake ya mwisho. Yanantunza hadi leo."

Chupa nusura iniponyoke. Mama hakuwa anadanganya, namjua mama yangu. Alikuwa anakumbuka. Alilionyesha hata bega lenyewe, la kushoto.

Usiku ule sikulala. Maneno yangu niliyoyaandika kwa peni ya shilingi mia tatu yalikuwa yameingia kichwani mwa mama, yakakaa katika stesheni ya Dodoma ya mwaka 2002, yakamfukuza baba wa kweli, yule aliyeondoka bila kuaga.

Nikaanza kusoma, maana mimi nikichanganyikiwa husoma. Nikakuta kwamba jambo lililotupata lina wataalamu wake. Tangu mwaka 1932, Mwingereza Frederic Bartlett alieleza kwamba kumbukumbu haikai kichwani kama nguo kwenye sanduku. Kila unapokumbuka unaijenga upya, na katika kujenga unatumia udongo uliopo mkononi siku hiyo. Mwaka 2002, mwaka ule ule wa Igandu, Kimberley Wade na wenzake watatu walichapisha jaribio lao. Walichukua picha za utotoni za watu wazima 20, wakazichezea ili zionyeshe kwamba mtu huyo akiwa mtoto alipanda puto kubwa la kurukia angani. Hakuna aliyewahi kupanda. Wakawaonyesha picha hizo, wakawaomba wajaribu kukumbuka. Baada ya mahojiano matatu, nusu yao walikuwa wamekumbuka safari hiyo, yote au sehemu yake. Zingatia, hiyo ilikuwa picha iliyotulia, isiyosema neno, na mtu aliiangalia mara chache tu. Mama ameangalia picha inayotabasamu na kusema, kila asubuhi, mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kisa cha mikia. Wahehe hawakudanganywa kwa maneno matupu. Wangebisha! Walionyeshwa kitu. Mkia ulikuwa mkia wa kweli wa ng'ombe wa kweli, umechomekwa tu mahali pasipo pake. Na klipu yetu ndivyo ilivyo. Sura ni ya baba kweli. Huo ndio mkia. Jino, sauti, tabasamu na maneno ni tope.

Kuna tofauti gani, basi, kati ya klipu ile na riwaya ninayoiota? Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, maana kama hakuna tofauti nichome madaftari yangu nikauze maji stendi. Naona tofauti ni hii. Riwaya inajitaja mlangoni: mimi ni riwaya. Msomaji anaingia akijua. Kisha riwaya haitaki uache kubishana. Klipu ile haikujitaja, na ilinyamazisha watu. Nimechunguza: tangu iingie nyumbani, hakuna tena aliyetaja mabati kumi. Hakuna aliyetaja deni la Kariakoo. Hata punda amesahauliwa, isipokuwa na bibi, ambaye sasa wajukuu wanamwambia, "Bibi, mbona kwenye video meno yapo?" Mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini, aliyemzaa yule mtu, anashindana na simu, na anashindwa!

Niogope nini zaidi? Sisi wa 2002 tulikuwa maskini wa vifaa. Picha moja, sauti hakuna. Mtoto anayezaliwa Dodoma leo anaacha nyuma yake maelfu ya picha, video na jumbe za sauti. Akifa, Mungu apishe mbali, mashine itakuwa na udongo wa kutosha kumfinyanga aonekane kabisa ni yeye, na huenda hapatakuwa na bibi wa kusema lile jino si lake. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Safari iliyokula usiku mzima sasa ni ya saa chache. Abiria wameinamia simu. Wengi wao hawajui kwamba katika ukanda huu huu wa nchi watu 281 walikufa alfajiri moja. Siwalaumu. Lakini najiuliza, siku wakitaka kujua watamuuliza nani: mtu au mashine?

Sasa nifanye nini na mama? Nimwambie, "Mama, maneno hayo niliyatunga mimi"? Nani amenipa ruhusa ya kumnyang'anya mjane kwaheri yake? Nisipomwambia, je, baba aliyeondoka usiku kwa kunyata ili asiamshe mtoto, nani atamtunza?

Nilipekua sanduku la vitu vyangu vya shule ya msingi, nikitafuta sijui nini, nikakuta daftari la insha la darasa la tano, mwaka 2012. Kichwa cha insha: Baba Yangu. Mwandiko umelala kama majani ya mtama baada ya upepo. Mstari wa tatu unasema: "Baba aliondoka usiku sisi tumelala mama anasema hakutuaga." Mwalimu aliweka alama ya mkato kwa wino mwekundu baada ya neno "usiku", akanipa 14 kwa 20.

Nililichukua daftari hilo nikaketi na mama jikoni. Sikumwambia kitu. Nilimsomea insha yote, pamoja na makosa yake. Nilipofika mstari wa tatu alikoma kuchambua mchicha. Kukawa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilikuwa nimelala." Akauokota mchicha wake. "Lakini ile nyingine ni nzuri zaidi."

"Niifute, mama?"

"Usiifute. Ila andika."

Basi nimeandika. Klipu ipo bado kwenye simu ya mama, na bado huifungua, ingawa si kila siku. Nilirudi kwa yule kijana wa steshenari, akaiongezea maandishi ya chini yanayoonekana tangu mwanzo hadi mwisho: "Imetengenezwa Juni 2024. Sauti si yake. Maneno ni ya mwanawe. Alikuwa na pengo." Bibi alisomewa maandishi hayo, akataka arudiwe neno la mwisho, akaridhika.

Kisha nimenunua daftari jipya, la tano, na hili si la hadithi. Nimemrekodi bibi kwa simu ile ile, akisema habari za punda na mabati. Nimemrekodi baba mdogo na deni lake la Kariakoo. Nimemrekodi mama mara mbili, akisema yote mawili, la usingizi na la bega, na nimeandika tarehe ya kila moja. Sijawapatanisha. Anayetaka kumjua baba yangu atawasikiliza wote, abishane nao.

Kwenu ninyi wenzangu mnaoota kuandika, nina ombi moja. Kabla hujamtungia marehemu neno la kusema, nenda kamuulize mzee mmoja aliyekuwapo, kisha kamuulize wa pili atakayembishia wa kwanza. Andika vyote viwili, weka tarehe. Na siku ukisimama msibani kusema kwamba marehemu ameacha pengo, taja lilikuwa jino la wapi, na nani aliling'oa.